Kabla Hujaripoti kwa Mwalimu Aikande

Zuhura mwanangu,

Mama yako yuko chumbani analifungua begi lako kwa mara ya tatu, maana kila akilifunga anakumbuka kitu. Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutokula kitu cha mtu usiyemjua ndani ya basi, yote amekwambia, na kesho pale stendi atakwambia tena. Mimi humo nimejitoa. Mtu ambaye hajui wali unatiwa maji kiasi gani hana la kumfundisha mwenzake kuhusu kuishi peke yake.

Nina jambo moja tu. Nimelibeba wiki mbili sasa, tangu orodha ya ajira ilipotoka ukapiga kelele jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Jambo lenyewe ni hili: mwalimu mkuu wa shule unayokwenda kuripoti anaitwa Aikande, ni mama wa Kichaga, na yuko huko Rukwa kwa sababu mimi nilimhamisha. Ukiona nimeandika "mimi", soma hivyo hivyo. Sikusema idara, sikusema serikali. Nilimhamisha kwa sababu alisema kweli mbele ya mgeni, na kweli yenyewe ilikuwa inanihusu.

Sasa utaelewa kwa nini juzi nilikushauri ukajitambulishe kama Zuhura Hamisi, basi, ubini tuuache, eti Pazi ni jina la pwani litawasumbua watu wa huko kulitamka. Ulicheka ukasema, "Baba, herufi nne tu." Ni kweli, ni herufi nne. Nilikuwa naona namna unavyosimama mbele ya meza ya yule mama, unataja jina, na yeye anainua macho.

Barua hii isome ukiwa ndani ya basi. Nimepanga hivyo makusudi: ukikasirika, utakuwa umeshafika mbali, huwezi kugeuza kuja kunigombeza.

Wewe umenijua nikiwa tayari nina meza kubwa. Hukuniona nikiwa mwalimu wa darasa la nne mwenye shati moja la kazi. Nikwambie ukweli, sikuwa hodari. Hesabu za mafumbo nilikuwa nazifanya nyumbani kwanza, zisije zikaniumbua mbele ya watoto. Lakini nilikuwa na mwandiko mzuri, na katika idara yetu mwandiko mzuri ni hatari. Mwalimu mkuu wangu akaanza kunipa taarifa za shule nimwandikie. Zikasifiwa. Mratibu wa kata akaniazima. Baadaye nikawa mratibu mwenyewe, nikapewa pikipiki iliyokuwa inawaka siku inayotaka yenyewe. Kisha nikaitwa mjini, nikakaa meza ya takwimu, nikahamia meza ya taaluma, mwishowe nikawa afisa elimu wa shule zote za msingi za halmashauri. Ukiifuatilia ngazi hiyo hatua kwa hatua, hutakuta mahali ambapo nilipanda kwa kufundisha. Nilipanda kwa taarifa.

Na taarifa zina lugha yake. Shule yenye vyoo vilivyoziba, nilijifunza kuandika kwamba miundombinu ipo ila inahitaji maboresho. Darasa ambalo watoto wamebanana kama mahindi ndani ya gunia, niliandika kwamba mwitikio wa wazazi ni mkubwa. Hakuna sentensi hapo ambayo nisingeiapia. Nilikuwa nalala usingizi mzuri kabisa.

Wakati huo huo wewe ulikuwa unapanda basi la njano kwenda shule ya kulipia. Nililieleza hilo kwa sababu nyingi: foleni, usalama, Kiingereza, afya ya mama yako. Siku ya wazazi mwalimu wako akakuuliza baba anafanya kazi gani, ukasema baba ana shule nyingi sana. Akauliza zipi. Ukamjibu, "Zile ambazo sisi hatusomi." Wazazi wote walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umeandika taarifa yangu ya mwaka mzima kwa sentensi moja.

Mwalimu Aikande alikuwa na shule nyuma ya soko, huku kwetu Kariakoo. Unaijua mitaa ile. Wamachinga walikuwa wametundika suruali kwenye ukuta wa shule tangu kona hadi kona, na mwenye viatu alikuwa na kipaza sauti, kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza walijua kusema "chagua, chagua" kabla hawajajua silabi. Wanafunzi walisoma kwa zamu. Wa asubuhi wakitoka, wa mchana wanaingia, langoni panakuwa kama kiwanda. Mumewe alikuwa na duka la vyombo vya plastiki mtaa wa tatu kutoka hapo, na bado analo. Asubuhi walikuwa wanakuja pamoja kwa miguu; yeye anaingia langoni, mume anaendelea na beseni zake. Ni mama mrefu, mtaratibu. Alikuwa na tabia moja iliyonisumbua tangu mwanzo: ukimaliza kusema, yeye ananyamaza kidogo, kama anangoja useme na lile lililobaki.

Basi, ikatokea wafanyabiashara wa mjini wakatuchangia madawati. Aliyewakusanya wenzake alikuwa Mzee Harshad, Mhindi mwenye ghala la vitambaa, mtu mwepesi wa utani, ambaye baba yake alisoma katika mojawapo ya shule zetu na akaapa kwamba atazikumbuka. Madawati yalitosha shule moja na robo. Sisi tukayagawa katika shule tatu, kidogo kidogo, ili nyimbo za shukrani ziwe tatu. Na mimi kwenye taarifa nikaandika kwamba shule tatu zimenufaika. Nisingeiapia hiyo?

Taarifa ikapanda juu, ikasomwa na mheshimiwa mmoja ambaye jina lake halina kazi humu. Akafurahi. Akasema atakuja kuziona shule zote tatu, siku moja, na wachangiaji wawepo.

Tukakaa kikao. Nataka uelewe kwamba katika kikao hicho hakuna mtu aliyesema tudanganye. Tulisema tuweke mazingira sawa. Mwenzangu mmoja akauliza madawati yatatosha vipi, na mimi, mwalimu mbovu wa hesabu za mafumbo, nikalifumbua fumbo: madawati yote yakusanywe shule ya kwanza. Mgeni akishakagua madarasa akakaa kusikiliza ngonjera, yatoke kwa mlango wa nyuma kwenda shule ya pili. Akiwa kwenye ngonjera ya pili, yaende ya tatu. Gari kubwa halipiti mitaa ile, kwa hiyo tutumie mikokoteni. Nilipigiwa makofi, Zuhura. Mtu akasema ndiyo maana huyu ni afisa elimu.

Shule ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Shule ya pili ngonjera iliisha mapema, ikabidi watoto wairudie kutoka mwanzo, na mheshimiwa akadhani ni kibwagizo. Tukapanda magari kwenda ya tatu, ile ya Mwalimu Aikande. Na hapo ndipo nilipogundua kosa ambalo mtoto yeyote wa Kariakoo asingelifanya. Ratiba nilikuwa nimeipigia hesabu ya gari. Kwenye Mtaa wa Msimbazi, saa tano asubuhi, gari linasimama na mkokoteni unapita.

Tulikuwa tumekwama. Mheshimiwa mbele, mimi na Mzee Harshad nyuma. Mikokoteni ikaanza kutupita dirishani, mmoja baada ya mwingine, vijana wanapiga mluzi watu wapishe, na juu yake madawati yamefungwa kamba miguu juu kama mbuzi wa sikukuu. Mheshimiwa akayatazama. Akasema, "Kumbe Kariakoo wanauza hata madawati."

Nikamwambia, "Hapa kila kitu kinauzwa, mheshimiwa."

Mzee Harshad aliyajua madawati yake. Fundi aliyapaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya ghala lake, bluu ambayo huioni kwingine mjini. Akanitazama, akatazama dirishani, akanitazama tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kama nina pipi ya kifua.

Tulipofika, mikokoteni ilikuwa nje ya lango, na vijana wamekaa juu ya madawati wanapumzika. Lango limefungwa. Mwalimu Aikande alilifungua, akatukaribisha, akalifunga tena nyuma yetu. Tukaingia darasa la kwanza tulilolikuta. Watoto walikuwa wamekaa chini sakafuni, kwa mistari, madaftari juu ya magoti, wakasimama wakaamkia shikamoo kwa pamoja kama kawaida, wakakaa tena chini. Wachache walikuwa kwenye madawati machache makuukuu ya shule, wamebanana. Darasa la pili hivyo hivyo.

Mheshimiwa akauliza madawati yako wapi. Mimi nilishafungua mdomo, sijui ningesema nini, labda kwamba yako kwenye matengenezo. Mwalimu Aikande akawahi. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Yako hapo nje ya lango, mheshimiwa. Yameletwa sasa hivi na mchana yanaondoka. Nimeyakataa. Nikiwakalisha watoto leo, kesho nitawainua kwa maneno gani?"

Mheshimiwa akaomba kitabu cha wageni. Akaandika jina, akaweka sahihi, na kwenye nafasi ya maoni hakuandika neno. Kwa mtu aliyelelewa na taarifa kama mimi, ile nafasi tupu ilinitisha kuliko matusi.

Wiki ilipopita akanipigia simu. Hakusema habari za madawati. Aliuliza, "Yule mwalimu mkuu wa shule ya mwisho bado yupo?"

Nikajibu, "Anashughulikiwa, mheshimiwa."

Akasema sawa, akakata.

Sasa nitakueleza kitu ambacho chuoni hawakuwafundisha. Katika kazi yetu mkubwa mara nyingi haagizi. Anauliza. Na sisi tuliokulia humo tumezoea kuamini kwamba kila swali la mkubwa ni agizo lililovaa kanzu. Anayeuliza "ile shule ina uzio?" anataka uzio. Anayeuliza "huyu bado yupo?" hataki awepo. Nilisikia hivyo, na sikujiuliza mara mbili, kwa sababu, niseme kweli, nilitaka kusikia hivyo. Yule mama alikuwa ameniona. Kila nikikutana naye angekuwa anajua.

Uhamisho wa kwenda mkoa mwingine hauishii kwa afisa kama mimi, unaidhinishwa juu. Lakini huko juu wanaidhinisha kilichoandikwa chini. Nikaandika kwamba ni mwalimu mwenye uzoefu mkubwa na msimamo, unaohitajika zaidi katika mikoa ya pembezoni. Unaona? Hata hiyo ningeiapia.

Barua ilipomfikia alikuja ofisini kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa hata nimeagiza maji ya kunywa. Hakulia. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari zako wewe kwa jina. Kisha akaifungua barua juu ya meza yangu akaweka kidole.

"Hapa mmeandika ni kwa manufaa ya umma," akasema. "Huo umma unakaa mtaa gani, afisa, niende nikauage?"

Nikacheka, kile kicheko changu ambacho mama yako anakiita cha kutafuta mlango. Nikamwambia haya ni mambo ya juu, Mwalimu, hata sisi tunapokea tu. Akanyamaza kwa namna yake ile, akangoja. Mimi sikuongeza. Akaikunja barua, akaniaga, akaondoka. Maji nikayanywa mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa mheshimiwa akaja tena, safari hii bila taarifa, akaenda moja kwa moja kwenye ile shule ya nyuma ya soko, na nyuma yake kulikuwa na madawati ya kutosha shule nzima. Alikuwa amehangaika kuyatafuta mwenyewe. Nikaitwa mbio. Nilimkuta amesimama uwanjani anauliza yule mwalimu mrefu yuko wapi, anataka kumkabidhi yeye. Nikasema alihamishwa.

"Nani kamhamisha?"

"Ni uhamisho wa kawaida, mheshimiwa."

Akasema, "Mimi nilikuuliza kama bado yupo. Nilikuwa namletea haya."

Hakunifokea. Hakunifukuza. Alimkabidhi madawati mwalimu mkuu mpya, akapiga picha, na mimi nipo kwenye picha, upande wa kushoto, nimetabasamu. Uliiona ikiwa sebuleni miaka mingi. Niliitoa ukutani ulipokuwa kidato cha pili, nikakwambia fremu imeliwa na mchwa.

Utauliza kwa nini sikumrudisha. Ningeweza kujaribu. Njia ilikuwa kuandika tena kwenda juu, na kwenye barua hiyo lazima nieleze sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mimi. Nilianza kuiandika mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kwenye kumbukumbu namba. Mara ya pili nikafika kwenye "kichwa cha habari chahusika", nikaitwa kwenye kikao, nikaenda kwa furaha. Baada ya hapo nikajiambia labda ameshazoea. Watu huwa tunawasemea hivyo wale tuliowatupa mbali: labda wameshazoea.

Mumewe hakuhama. Duka ndilo linalosomesha watoto wao, na duka halihamishiki kwa barua. Kwa hiyo tangu siku ile wanaishi ndoa ya likizo. Shule zikifungwa mama anashuka, zikifunguliwa anapanda. Mimi, kwa upande wangu, nikabadilisha njia. Unakumbuka ulikuwa unanitania kwamba baba anazunguka Mnazi Mmoja yote kwenda Posta wakati kuna njia ya mkato, na mimi nakujibu ni mazoezi, daktari kaniambia? Hakuna daktari aliyeniambia. Njia ya mkato inapita mbele ya zile beseni.

Sasa hii ya wiki mbili zilizopita. Orodha ilipotoka ukanionyesha jina la kituo, sikulijua. Nikampigia Sadiki, afisa utumishi wa huko, tulisoma naye, nimuulize habari za nyumba ya mwalimu. Akanieleza habari za nyumba, habari za baridi, kisha akacheka. "Mwalimu mkuu wake ni yule Mchaga wako," akasema.

Nikakaa kitandani. Na unajua baba yako alifanya nini? Nilimwomba akubadilishie kituo.

Sikuchukua hata dakika tano kufikiri. Nilisema ni binti yetu wa kwanza, kifua chake hakipendi baridi, kama kuna shule karibu na mjini itakuwa afadhali. Kifua chako ni kizima kama ngoma, Alhamdulillah. Sadiki akasema nimpe siku mbili. Siku hizo mbili nilikuwa mtu mwenye amani, nilikula vizuri, mama yako akashangaa.

Siku ya pili uliacha simu yako mezani ukaenda kuoga. Ikaita, nikaitazama nani anapiga, nikaona picha uliyoiweka kwenye kioo. Nilidhani utakuwa umemweka yule kijana ambaye mimi simjui na mama yako anamjua. Ilikuwa paa la bati, mlingoti wa bendera, na kilima nyuma. Ulikuwa umeitafuta mtandaoni hiyo shule, ambayo hujawahi kukanyaga, na siku nzima ulikuwa unasema "shule yangu" kama mtu mwenye shamba. Akilini nikamuona Mwalimu Aikande akiingia langoni kwake asubuhi. Na nikaona kwamba nimekaa hapa, mtu mzima mwenye mvi, namhamisha mwalimu wa pili kwa sababu ile ile ya kwanza.

Nikampigia Sadiki nikamwambia aache. Akasema mambo yameshafika pazuri. Nikasema aache hivyo hivyo. Akasema, "Kaka, wewe mwaka huu umezeeka." Nikamwambia ni kweli.

Ilibaki namba ya simu ya mwalimu wako mkuu. Sadiki angenipa, lakini niliona huo utakuwa mlango wa nyuma mwingine. Leo mchana nikapita njia ya mkato. Nilimkuta mume wa Mwalimu amekaa kwenye kigoda katikati ya ndoo, amepungua nywele kama mimi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Afisa. Leo umepita mtaa huu."

Kumbe alikuwa anajua miaka yote. Mtu akiacha kupita mbele ya duka lako, unajua.

Nikamweleza shida yangu, kwamba binti yangu amepangiwa shule ya mkewe na nataka kuzungumza na Mwalimu kabla hajaripoti. Hakuuliza kitu. Alinisomea namba polepole, akanirudisha nyuma nilipokosea, na alipomaliza akasema nimpigie baada ya vipindi, akiwa darasani hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mumewe.

Nilipiga saa kumi, nimesimama pale Mnazi Mmoja karibu na wauza kahawa, kwa sababu sikutaka mama yako asikie sauti yangu ikitetemeka. Ningetaniwa mpaka Ramadhani. Nikajitambulisha jina lote, Hamisi Pazi. Akaitikia salamu. Nikasema nina binti, anaitwa Zuhura.

"Nimeliona jina lake," akasema. "Orodha tulipata siku moja na ninyi. Nilikuwa nangoja nione kama utamhamisha."

Nikanyamaza, na yeye akanyamaza kwa namna ile yake, akangoja, kutoka Rukwa mpaka Mnazi Mmoja. Zamu hii nililisema lililobaki.

"Nilijaribu," nikasema. "Nikaacha."

Kisha nikasema na yale mengine. Kwamba hakuna wa juu aliyeagiza. Kwamba mheshimiwa aliuliza tu. Kwamba yale maneno ya uzoefu na mikoa ya pembezoni niliyatunga mimi, na kwamba hakuna umma wowote uliokuwemo mle, alikuwemo Hamisi peke yake. Nikasema nilikosea na nikaomba radhi. Maneno yalitoka yamepindapinda, na muuza kahawa mmoja alinitazama kwa huruma, nadhani alidhani nimeachwa na mwanamke.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme yameisha, kama watu wastaarabu wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Mwanao nitampokea kama mwalimu mpya yeyote," akasema. "Sitampendelea, sitamwonea. Darasa la kwanza linamngoja, wako wengi na wana kelele. Lakini la kwako na langu, afisa, bado lipo. Sitalimalizia kwenye simu. Siku ukija kumtazama mtoto wako, pita ofisini, tutaliongea."

Nikasema nitakuja.

"Utakuja lini?"

Zuhura, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliulizwa swali nikajibu swali lenyewe. Nilisema likizo ya Juni. Akasema ameandika, na kwa jinsi nilivyosikia kalamu, kweli aliandika.

Kwa hiyo ukifika kesho kutwa, ukaulizwa jina, taja yote matatu. Kama ataniuliza kwako, au kama walimu wenzako watasikia habari hizi wakazisema nikiwa sipo, usinitetee; sina kesi ya kutetewa, na utetezi wako ungenichelewesha tu. Ukiona vibaya kuwa binti yangu kwa siku mbili tatu, ni haki yako, nitaelewa ukikawia kupiga simu. Mpigie mama yako.

Nina hofu kidogo ya mwezi wa Juni. Nimekaguliwa na watu wakubwa sana katika maisha haya, na wote nilijua nitawatayarishia nini. Huyu mama sina cha kumtayarishia. Nitakuja na mikono mitupu, nitakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, na wewe utapita na vumbi la chaki mkononi ukaniona nangoja kuitwa. Nisalimie kama kawaida, kisha uende darasani kwako.

Ni mimi ninayekupenda,
baba yako,
Hamisi Pazi